Tundu la Besimenti

Louisville, 14 Septemba 2025

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Cibalonza,

Asinge, Yaya. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima huko Riverside, Buffalo, na kwamba magoti hayakusumbui sana kazini. Sisi hapa Newburg tuko salama. Wifi yako Précieuse anakusalimia. Bado yuko kwenye kile kiwanda cha chakula cha mbwa, na anasema harufu haimtoki kwenye nywele hata aoge mara tatu. Aksanti ameingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na siku zinakwenda.

Najua unacheka kwamba bado naandika kwa mkono. Lakini tangu lile bomu likuharibie masikio, simu kati yetu ni kelele tu: mimi "nini?", wewe "nini?", mwisho tunakata. Baba alitufundisha kuandika, basi tuandike.

Bon, Yaya, nije kwenye neno. Serikali inasaidia watu wanaotengeneza nyumba zao ili zisipoteze joto. Unaweka pamba ya darini, unabadilisha madirisha, unatoa mashine ya joto ya gesi na kuweka ya umeme, halafu kwenye kodi unapunguziwa sehemu ya gharama. Mzee Gaudiosi wa parokia yetu amefunga mashine mpya. Lakini mlango unafungwa tarehe 31 Desemba mwaka huu. Sheria mpya imeshapita. Atakayefunga mashine Januari hapati kitu.

Sisi ni wapangaji, lakini wewe una nyumba, na nyumba yako ina miaka mia. Krismasi iliyopita nilipolala kwenu, upepo wa mto ulikuwa unaingia mpaka ndani ya blanketi. Unakumbuka siku mbili nilizoshinda nikiziba mianya? Madirisha kwa plastiki, mlango wa nyuma kwa mpira, na lile tundu la besimenti, kule chini ya nyumba, nyuma ya mashine ya joto, lililokuwa linapuliza baridi usiku na mchana. Shemeji Mugisho, Mungu amlaze pema, alisimama sebuleni bila koti akasema: "Bahizire, leo ndiyo mara ya kwanza nahisi vidole vyangu tangu tuje Amerika." Neno hilo ninalo mpaka leo. Wiki tatu baadaye moyo wake ulisimama, lakini najifariji kwamba siku zake za mwisho hakuona baridi.

Donc, Yaya, usiuache msaada huu upite. Niandikie.

Mdogo wako,
Bahizire


Buffalo, 2 Oktoba 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imefika Jumanne, nikaisoma nikiwa bado na koti la kazini. Namshukuru Mungu kwa afya ya Précieuse na Aksanti. Mimi nipo. Mwanangu Jolie aliniandikia kutoka Columbus; bado anatunza wagonjwa, sasa wamempa zamu za mchana. Anasema Agosti mwakani ataolewa, kama yule bwana ataacha kuahirisha. Baba yake angekuwepo angeshamwita huyo bwana akamkalisha chini.

Kuhusu huo msaada, nilimwuliza Reginaldi, yule anayetujazia kodi watu wa Kongo hapa. Akaniambia, "Mama Jolie, nafuu hiyo inapunguza kodi unayodaiwa. Wewe kwa mshahara wako hudaiwi kodi. Ukipunguza sifuri utapata nini?" Kwa hiyo ule mlango wa Gaudiosi haukuwa wangu hata kabla ya kufungwa. Lakini akasema jimbo letu lina mpango mwingine kwa watu wa kipato kidogo. Wanakuja kupima nyumba, kisha wanaitengeneza wao wenyewe, bila wewe kulipa.

Mimi, mdogo wangu, vitu vya bure vinanitia hofu. Cha bure kina mwenyewe. Na sitaki watu wasionijua washuke besimenti. Unajua baada ya wewe kuondoka Mugisho alihamia huko chini? Alisema joto la nyumba yote limejikusanya pale. Aliweka kochi karibu na mashine, akawa anatazama mpira hapo na kulala hapo, nami nikiwa zamu ya usiku. Hapo ndipo nilimkuta asubuhi ile. Kochi bado lipo. Sijaligusa.

Lakini baridi inakuja, na baridi iliyopita sikuwa mzima. Nilikuwa nikishinda nyumbani kichwa kinapasuka na natapika. Nikifika kazini napata nafuu. Nilisema ni huzuni.

Basi, kwa ajili yako, nakubali. Nimeweka humu nakala ya bili na ya mshahara. Hiyo fomu ni ya kompyuta, ijaze wewe.

Yaya wako akupendaye,
Cibalonza


Louisville, 19 Oktoba 2025

Yaya,

Salamu nyingi. Naandika haraka, basi la kazini liko karibu. Fomu nimeijaza na Aksanti, na wamekubali! Wewe huna imeli, kwa hiyo nimeweka yangu. Mpimaji atakuja tarehe 12 Novemba saa nne asubuhi. Nimeomba anayejua Kiswahili, wakasema yupo mmoja. Mpikie chai, umwonyeshe kila kona, na mwambie jinsi tulivyoziba, ili ajue hatukukaa mikono mitupu.

Nitakaa nangoja kusikia alisema nini.

Bahizire


Buffalo, 24 Novemba 2025

Bahizire,

Salamu kwako na kwa watu wa nyumbani kwako.

Mpimaji alikuja. Anaitwa Nyarugabo, mtu wa Uvira, mtu mzima, mwenye adabu. Alipima. Alisema nyumba ni nzee. Mashine ya gesi wameizima siku ile ile na kuifungia utepe. Wameniletea vihita viwili vya umeme vya kupasha joto, wataleta mashine mpya Desemba.

Theluji imeanza. Msalimie Aksanti, mwambie asome.

Cibalonza


Louisville, 14 Desemba 2025

Yaya mpendwa,

Asinge. Barua yako nimeisoma mara nne nikidhani kuna ukurasa mwingine umeanguka kwenye bahasha. Précieuse naye ameisoma. Akaniuliza, "Umemkosea nini dada yako?" Nikasema sijui.

Kuna nini? Kwa nini wazime mashine siku ile ile, na baridi ya kwenu ninayoijua? Wamekudai kitu? Walikuvunjia heshima? Kama ni hivyo sema, mimi ndiye niliyekusukuma, mimi ndiye wa kulaumiwa. Au una ugonjwa unaonificha?

Huku tuko wazima. Kazini wametuongezea saa kwa sababu ya sikukuu, nabeba maboksi mpaka usiku.

Tarehe 17 Januari itakuwa mwaka mmoja tangu Shemeji atuache. Nimeomba ruhusa. Mimi na Précieuse tutakuja kwa misa, na tutalala kwako siku tatu. Nitaangalia mwenyewe kazi yao.

Jibu upesi.

Mdogo wako,
Bahizire


Buffalo, 3 Januari 2026

Bahizire,

Heri ya mwaka mpya kwa nyote.

Mashine mpya imefungwa. Haina moto, iko nje ya ukuta kama sanduku. Darini wamejaza pamba. Nyumba ina joto. Kichwa hakiniumi tena, tangu Novemba.

Msije. Barabara ya kando ya ziwa ni mbaya, na misa nimeandikisha ya Jumamosi hiyo asubuhi, fupi, mimi na padri na mama wawili wa kwaya. Tafadhali usinibishie katika hili.

Cibalonza


Louisville, 1 Februari 2026

Yaya,

Leo sina salamu. Nisamehe, sijui nianze wapi.

Jana nilikuwa natafuta karatasi za kodi kwenye imeli. Fomu ya mshahara ilikuwa imepotelea kwenye lile fungu la takataka ambalo sifungui. Nikaikuta barua ya ule mpango wa jimbo, ya tarehe 20 Novemba, yenye jina lako. Kurasa kumi na tisa. Nikamwita Aksanti anisomee, nikidhani ni mambo ya pamba na madirisha. Nilikuwa nakula.

Alisoma kurasa za kwanza vizuri. Kisha akaacha kusoma. Nikamwambia endelea. Akaniambia kwa Kiswahili, Yaya, mtoto huyu ambaye hanijibu Kiswahili tangu darasa la tatu: "Papa, usiangalie picha."

Nikaangalia. Ni ukuta wa besimenti yako, nyuma ya mashine. Kuna mfuko wa mchele umekunjwa na kusukumwa ndani ya tundu, na povu la njano limepakwa pembeni. Mfuko una alama ya tembo. Niliukata mwenyewe kwa kisu cha jikoni kwako, na Shemeji alinishikia tochi.

Aksanti akanitafsiria maneno ya chini, polepole. Kwamba tundu lile halikuwa uharibifu wa nyumba. Liliwekwa na mafundi ili mashine ipate hewa ya kuchomea gesi. Likizibwa, moto unakosa hewa, na moshi wake badala ya kutoka unarudi ndani, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kwamba mpimaji alipowasha mashine kuipima, kipimo kilipanda mpaka akakutoa nje mbio. Kwamba dalili ni kuumwa kichwa, kutapika, usingizi mzito, na kifo.

Nikamwuliza, "Imeandikwa kifo?" Akasema, "Imeandikwa, Papa."

Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho bila viatu. Précieuse alinikuta huko. Sikuhisi baridi. Mpaka sasa naona kama mikono hii si yangu, naitazama inaandika.

Yaya, nimemwua Shemeji? Wewe umejua tangu Novemba. Ulikaa mezani ukaniandikia "msalimie Aksanti". Ungenitukana. Ungenilaani. Kwa nini hukuniambia?

B.


Columbus, 15 Februari 2026

Yaya,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza ya Jolie. Siku sita nilingoja jibu lako bila kulipata; pengine lilifika nikiwa nimeshaondoka. Nilichukua gari nikasema nakuja kwako, hata ukinifukuza nitafukuzwa mlangoni. Nilifika Columbus mchana nikaingia kwa Jolie kunywa maji tu. Leo ni siku ya tisa. Kila asubuhi nachukua funguo, nafika mpaka kwenye gari, kisha nageuka. Précieuse ananipigia, namwambia theluji. Kazini nadhani wameshaniondoa kwenye orodha.

Jolie alidhani nimegombana na mke wangu. Alinipikia, alinifulia. Alikuwa ananiita "Mjomba wangu mmoja tu duniani". Yaya, kila akisema hivyo naweka kijiko chini.

Jana nilimwambia. Sikukuomba ruhusa, nisamehe na hilo. Alikuwa ametoka kazini, bado na zile nguo zake za kutunzia wagonjwa. Nikamwambia kaa, Jolie. Nikamwambia yote, tundu, mfuko, picha. Hakulia. Aliniangalia kama mtu anayesikiliza lugha ya watu wengine.

"Ni daktari aliyesema hivyo?"

"Hapana. Daktari alisema moyo. Hakuna aliyepima damu. Ni ripoti ya nyumba."

"Kwa hiyo haijulikani."

"Mimi najua, Jolie."

"Hujui, Mjomba. Unahisi." Kisha akauliza, "Mama anajua?"

"Tangu Novemba."

Hapo ndipo uso wake ulibadilika. Aliinuka, akasimama kwenye sinki akinipa mgongo. Akasema: "Papa alinipigia simu wiki ile ya mwisho. Alisema kichwa kinamwuma, anasikia usingizi mchana kutwa. Mimi nafanya kazi na wagonjwa. Nimefundishwa dalili hizo, nina cheti. Nikamwambia, Papa, kunywa dawa ya kichwa ulale."

Nilikuja kubeba kosa langu, nikamkuta mtoto wako amejitwika na lake, na mimi ndiye niliyemtwisha.

Aliingia chumbani, akafunga mlango, hakutoka mpaka leo adhuhuri. Alipotoka alinipa kikombe cha chai mkononi, lakini hakuniita Mjomba. Alisema tu, "Mwandikie Mama. Mwulize kama tuje."

Ndiyo nauliza. Barua naituma kwa posta ya haraka. Tutakaa hapa mpaka utakaposema.

Bahizire


Buffalo, 20 Februari 2026

Mdogo wangu,

Nimeipata barua ya Columbus, na ile ya Louisville ninayo tangu tarehe tano. Nilianza kuijibu mara sita. Karatasi hizo nimezichoma moja moja juu ya jiko la umeme, mpaka mpangaji wa jirani akaja kuuliza kama kuna moto.

Acha nikusimulie siku ile jinsi ilivyokuwa, ndipo utajua kwa nini nilinyamaza.

Nyarugabo alikuja saa nne kama ulivyosema. Alikunywa chai, akauliza habari za Uvira na Bukavu kama watu wanavyofanya. Alishuka besimenti na kipimo chake, akawasha mashine. Nilikuwa kwenye ngazi. Nilimwona anatazama kipimo, anakigonga kwa kidole, anatazama tena. Kisha akanishika mkono, mtu asiyenijua, akanivuta mpaka nje kwenye theluji nikiwa na kandambili. Akasema, "Mama, nani mwingine yuko ndani?" Nikasema hakuna, niko peke yangu. Akasema, "Shukuru Mungu." Baadaye, watu wa gesi walipozima na kufungua madirisha yote, alirudi chini na tochi. Akaniuliza kwa upole, "Mama, nani aliziba hapa?"

Nikamwambia, "Mimi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilitoka lenyewe. Labda nilikuona wewe umesimama pale na kisu changu cha jikoni, umefurahi. Aliandika kitu, kisha akaniuliza tena, "Na king'ora cha hewa ya sumu kiko wapi? Kila nyumba lazima iwe nacho." Hapo, Bahizire, ndipo nilikaa chini kwenye ngazi.

King'ora kilikuwepo. Kilikuwa ukutani, juu ya ngazi ya besimenti, tangu tuliponunua nyumba. Siku ya tano au ya sita baada ya wewe kurudi Louisville kilianza kulia. Masikio yangu haya, lakini sauti ile niliisikia, ilikuwa inachoma kama sindano. Ilikuwa mchana, nilikuwa nimetoka zamu, nataka kulala. Mugisho alipanda kutoka chini akiwa amejishika kichwa. Alisema: "Mama Jolie, hiki kitu hakijawahi kulia hivi. Labda tuondoe ule mfuko, tuone."

Nami nikamwambia: "Mdogo wangu amefanya kazi siku mbili kwenye baridi, wewe unataka kubomoa? Gesi utalipa wewe? Ni betri tu."

Nikapanda kwenye kiti, nikaking'oa, nikatoa betri, nikakitia kwenye droo ya vijiko. Mugisho hakubishana. Unamjua, hakuwa mtu wa kubishana. Alishuka tena chini kwenye kochi lake. Wiki mbili baadaye nilirudi asubuhi na mkate mkononi, nikamkuta pale.

Umeuliza kwa nini sikukulaani. Ningekulaani kwa kinywa kipi? Wewe uliziba tundu bila kujua. Mimi nilisikia onyo likilia, nikaambiwa na mume wangu, nikalinyamazisha kwa mkono wangu. Nilikukataza kuja si kwa hasira. Nilijua utaingia, utanishika, utaniuliza, "Yaya, hakukuwa na dalili yoyote?" Na mimi sikuwahi kukudanganya tangu tukiwa watoto.

Nilikwenda kwa yule daktari. Nilimwuliza kama ilikuwa hewa ile. Alisema Mugisho alikuwa na presha, alikuwa na sukari, moyo wake ungeweza kusimama kwa lolote, na kwamba sasa hawezi kujua bila kufukua. Nikamwambia hatufukui. Kwa hiyo tutakaa hivi, mdogo wangu, bila kujua, mimi na wewe, mpaka nasi tuitwe. Nilitaka nikae na hili peke yangu nikuachie usingizi wako. Sikujua kwamba jimbo limekutumia picha.

Nyarugabo alirudi Desemba na mafundi. Walipomaliza, alibaki nyuma akaniambia kwamba majira haya amekuta nyumba nyingine mbili za watu wetu zimezibwa hivyo hivyo, kwa matambara na magodoro, kwa sababu ya kuogopa bili. Aliniomba niseme kanisani. Nimekataa mara mbili. Kusema "angalieni matundu yenu" ni rahisi. Lakini wataniuliza nimejuaje.

Nimeamua nitasema Jumapili ya tarehe 1 Machi, baada ya misa. Padri amenipa nafasi. Nikisimama pale peke yangu nitaanguka.

Jolie asijitese kwa dawa ya kichwa. Mwambie baba yake aliiweka simu ile chini akitabasamu, nilikuwepo, nilimwona. Lakini habari ya king'ora usimwambie. Hiyo ni yangu. Nitamkalisha, nitamwambia mwenyewe, na atakalonijibu nitalipokea.

Njooni Ijumaa ya tarehe 27, barabara imesafishwa. Mje wote wawili. Chumba cha juu nimetandika. Lile kochi bado liko chini, na siwezi kulitoa mwenyewe.

Yaya wako,
Cibalonza